Kipimo Kinaponyamaza: Ng'ombe Aliyezaa Kiangazi Lubumbashi

Kifaa kinachopima ketosisi, yaani ketoni kuzidi mwilini, zizini leo hakikubuniwa kwa ajili ya ng'ombe. Ni kile cha mgonjwa wa kisukari: tone la damu kwenye kijiti, sekunde 10, tarakimu inatokea. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani walikilinganisha na maabara, wakaona kinasoma vizuri beta-hidroksibutireti, ile ketoni kuu ya damu ya ng'ombe. Kabla yake mfugaji alitegemea zaidi kipimo cha Rothera cha mwaka 1908, ambacho hugeuka zambarau kikikutana na mkojo au maziwa yenye ketoni. Leo mpaka unaotajwa mara nyingi ni milimoli 1.2 kwa lita: ukivukwa, ng'ombe ana ketosisi hata kama haonyeshi dalili. Lakini kwa ng'ombe aliyezaa Lubumbashi wakati wa kiangazi, naamini tarakimu iliyo chini ya mpaka huo ndiyo ya kutiliwa shaka zaidi.

Sababu iko katika namna ketoni zinavyotokea. Ng'ombe akishazaa, maziwa hupanda upesi kuliko hamu ya kula, na pengo huzibwa na mafuta ya mwili. Yakifika kwa wingi kwenye ini, sehemu yake hugeuka ketoni. Mpaka wa 1.2 umetokana hasa na mifugo ya Holstein ya Amerika ya Kaskazini na Ulaya, inayolishwa vizuri na kutoa maziwa mengi, kwa hiyo umechukulia kwamba mafuta ya kuyeyusha yapo. Chotara anayezaa Septemba pembeni mwa Lubumbashi amekaa miezi kama mitano karibu bila mvua. Nyasi za miombo zimegeuka mabua, na protini yake ikishuka chini ya asilimia 7 au hivi, vijidudu vya tumbo lake kuu hushindwa kuzimeng'enya ipasavyo, hata akila apendavyo. Akizaa amekonda, hana akiba ya kuyeyusha. Anapunguza maziwa, anachelewa kupata joto, na kijiti kinaweza kuonyesha 0.6 kana kwamba mambo ni shwari.

Kwa hiyo mkono utangulie kijiti. Papasa kiuno, mbavu na shina la mkia, umpe alama ya unene kuanzia 1 hadi 5. Siku ya kuzaa yafaa awe kati ya 3 na 3.5; akipoteza zaidi ya nusu alama katika wiki za mwanzo, kuna jambo, kifaa kiseme kisemavyo. Mkono nao haujui kila kitu: ndigana na minyoo hukondesha vilevile, na hapo daktari wa mifugo ndiye wa kutenganisha. Mtu atasema anayetoa lita sita kwa siku hahitaji ufuatiliaji wote huu. Lakini kinachomwumiza ng'ombe ni tofauti kati ya anachotoa na anachokula, na lita sita juu ya mabua makavu ni mzigo mzito.

Kijiti nacho kina mahali pake. Penye ng'ombe wanaofungiwa na kulishwa machicha ya bia na pumba hadi wakanenepa, ndicho hasa kinachofaa, kuanzia siku ya 3 hadi ya 14 baada ya kuzaa. Pima saa ileile kila mara, maana ketoni hupanda baada ya kula. Damu itoke kwenye mshipa wa mkia, kamwe si ule mkubwa wa maziwa chini ya tumbo, kwa kuwa kiwele kimeshanyonya sehemu ya ketoni na kipimo kitasoma pungufu. Kwa kundi, desturi ni kupima ng'ombe 12 na kushtuka waliovuka mpaka wakizidi asilimia 10. Mwenye wanne akusanye vipimo vya uzazi wa msimu mzima kabla ya kulaumu chakula.

Pumba zenyewe hufuata bei ya mahindi, na Haut-Katanga, mkoa wa Lubumbashi, hutegemea sana mahindi ya Zambia. Ukame ulioifanya Zambia itangaze janga la kitaifa Februari 2024 ulifika hadi kwenye hori za Lubumbashi. Anayengojea ndama azaliwe ndipo atafute pumba amechelewa: atakayezaa Septemba hupapaswa Juni, na nyasi zake hukatwa na kukaushwa Machi na Aprili, zikiwa bado na majani mabichi.