Asilimia Moja Iliyowasha Karabai

Kabla ya taa za LED na sola kuingia ziwani, wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika walivua kwa karabai miongo mingi. Aliyewahi kuiwasha anaujua utaratibu wake. Unafunga kile kifuko laini cha nyuzi kwenye mdomo wa taa, unakichoma mpaka kigeuke majivu meupe, kisha unapampu, na majivu hayohayo ndiyo yanayong'aa usiku kucha. Ukiyagusa kwa kidole yanaporomoka. Katika mchanganyiko uliotawala soko kwa karibu karne nzima, majivu hayo yalikuwa asilimia 99 oksidi ya thoriamu na asilimia moja oksidi ya seriamu. Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya mwanga ilitokana na ile asilimia moja. Inafaa kuchunguza jinsi uwiano huo ulivyopatikana.

Aliyeupata ni Carl Auer von Welsbach, mkemia wa Vienna aliyesomea Heidelberg chini ya Robert Bunsen. Kazi yake ya awali ilikuwa kutenganisha metali adimu za ardhini, jamaa za elementi zinazofanana kiasi cha kumchosha mtu. Mwaka 1885 alichukua didimiamu, iliyodhaniwa kuwa elementi moja, akaigawa mara mbili: praseodimiamu na neodimiamu. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Unayeyusha chumvi, unaiacha ifanye fuwele, unazitenga fuwele na maji yaliyobaki, unarudia tena na tena huku ukipima mwanga wa kila sehemu kwa spektroskopu. Mwaka huohuo alichukua hataza ya kifuko chake cha kwanza. Alikuwa ameona kwamba pamba iliyolowekwa kwenye myeyusho wa chumvi hizo ikichomwa, pamba inatoweka na oksidi inabaki imeshika umbo la kila uzi.

Vifuko hivyo vya kwanza vilikuwa vya magnesiamu, lanthanamu na itriamu. Mwanga wake ulikuwa wa kijani, na vilivunjika upesi. Kiwanda alichokianzisha Atzgersdorf, nje kidogo ya Vienna, mwaka 1887, kilifungwa 1889.

Kisha akageukia thoriamu. Oksidi yake inastahimili moto kuliko oksidi nyingine yoyote tunayoijua, kwani haiyeyuki mpaka joto lifike karibu nyuzi 3,300 za Selsiasi. Nitrati yake nayo, ikiungua, huumuka na kuacha mifupa ya oksidi yenye uimara kiasi. Vifuko vya mwanzo vya thoriamu viling'aa vizuri. Auer akafanya ambalo mkemia makini angefanya: akaisafisha zaidi, akitarajia mwanga uzidi. Ukapungua. Kadiri alivyozidi kuisafisha ndivyo kifuko kilivyozidi kufifia, mpaka thoriamu iliyo safi kabisa ikawa haifai kwa taa.

Hapa ndipo ninapouona ustadi wake. Mtu mwingine angerudi kwenye chumvi chafu iliyomfaa mwanzoni, auze vifuko, afunge daftari. Yeye alikwenda kuchunguza alichokuwa ametupa. Ndani ya maji yaliyobaki baada ya fuwele kutolewa alikuta seriamu. Akaanza kuirudisha kidogo kidogo kwenye thoriamu safi. Mwanga ukapanda, ukafika kilele karibu na asilimia moja, halafu ukashuka tena kila alipoongeza. Tarehe 4 Novemba 1891 taa zake mpya ziliwashwa nje ya mkahawa mmoja karibu na jumba la opera la Vienna, na biashara iliyokuwa imekufa ikafufuka.

Sababu ya kilele hicho ilichukua muda kueleweka. Heinrich Rubens, mwanafizikia wa Berlin, alipopima mnururisho wa kifuko mwanzoni mwa karne ya 20, alikuta kwamba thoriamu hutoa kidogo sana ile miale ya joto isiyoonekana kwa macho, ambayo vitu vingi vya moto huipotezea nguvu zao. Kwa hiyo kifuko cha thoriamu ndani ya mwali wa gesi hupata moto mkali mno, lakini mwanga wake ni hafifu. Seriamu ndiyo inayotoa mwanga unaoonekana. Ikiwa kidogo, inapandishwa joto na thoriamu iliyoizunguka, nayo inang'aa. Ikizidi, inaanza kumwaga nguvu nyingi kuliko mwali unavyoweza kuleta, kifuko kinapoa na mwanga unageuka wa manjano. Thoriamu ni jiko linalotunza moto, na seriamu ndiyo inayopika.

Usiseme basi kwamba uchafu ulishinda usafi. Huwezi kushikilia asilimia moja ya seriamu ikiwa hujui thoriamu uliyonunua imekuja na seriamu kiasi gani, au na chuma kiasi gani. Ilibidi msingi usafishwe hadi usiwe na chochote ndipo kiongezwe kile kimoja kwa kipimo. Soko la vifuko ndilo lililozaa tasnia ya kusafisha thoriamu.

Malighafi ilitoka ufukweni. Monaziti, fosfati ya metali adimu yenye asilimia kadhaa za thoriamu, hukusanyika kwenye mchanga mweusi mzito ambao mawimbi yanaubakiza baada ya kusomba ule mwepesi. Mchanga wa Bahia, Brazili, ulisafirishwa kwa meli hadi Ulaya, na kuanzia 1909 ikajulikana hazina ya Travancore, kusini mwa India. Kiwandani mchanga huchemshwa kwa asidi nzito ya salfuriki au kwa soda kali mpaka uachie metali zake. Thoriamu hutengwa na jamaa zake, kisha hutiwa asidi ya oksaliki nayo inatuama kama mashapo meupe. Mashapo hayo yakioshwa, yakakaushwa na kuokwa kwa mamia ya nyuzi joto, inabaki poda nyeupe ya oksidi. Chembe za poda hiyo hurithi umbo la chembe za oksalati, kwa hiyo fundi anayetaka poda laini itakayoshikana vizuri tanurini lazima aanze kuangalia joto na mwendo wa kukoroga wakati mashapo yanatuama. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa ajili ya nyuklia, iliongezwa hatua nyingine: tributili fosfati iliyochanganywa na mafuta yanayokaribiana na mafuta ya taa huinyonya thoriamu kutoka kwenye maji ya nitrati na kuuacha uchafu nyuma.

Neno "safi" katika biashara hii hutegemea mnunuzi. Kwa mtambo wa nyuklia, boroni, kadimiamu na gadoliniamu hupimwa kwa sehemu za milioni kwa sababu zinameza nyutroni. Watengenezaji wa lenzi za kamera, waliotia thoriamu kwenye kioo ili kipinde mwanga sana bila kutawanya rangi, walihofia metali zinazotia doa. Na kwenye waya wa tungsteni wa balbu, ambamo thoriamu ya asilimia moja au mbili huzuia fuwele za tungsteni kukua, jambo kubwa ni chembe ziwe ndogo na zimetawanyika sawasawa.

Kuna usafi mmoja usiopatikana kwa kemia yoyote. Thoriamu-232 ni nururifu, ingawa inaoza polepole mno: nusu yake huchukua miaka bilioni 14. Ndani yake daima mna thoriamu-228, ambayo kikemia ni kitu kilekile na haitengeki. Siku poda inapotoka tanurini radiamu imeshaondolewa, lakini ndani ya mwezi mmoja vizazi vya thoriamu-228 vimekwisharudi, na baada ya miaka kadhaa unururifu unapanda tena kwa njia ya radiamu-228. Cheti cha asilimia 99.99 hakisemi lolote kuhusu hilo.

Gharama ya unururifu huo ilionekana kwa Thorotrast, dawa ya kupigia eksirei iliyodungwa wagonjwa kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1950. Ilikuwa oksidi ya thoriamu iliyoelea majini. Madaktari waliipenda kwa kuwa ni nzito, na haibadiliki. Mwili haukuweza kuiyeyusha wala kuitoa. Ilikaa kwenye ini na wengu maisha yote ikitoa miale, na saratani za ini zikajitokeza miongo baadaye. Nalitaja hili kwa uchungu, kwa kuwa unururifu wa thoriamu ulikuwa umegunduliwa tangu 1898.

Leo vifuko vingi vya taa vinatumia itriamu, na balbu za waya zinatoweka. Thoriamu iliyo karibu nasi zaidi iko mikononi mwa mafundi wanaochomelea alumini na chuma cha pua kwa gesi ya argoni. Kijiti cha tungsteni chenye alama nyekundu kichwani kina karibu asilimia mbili ya oksidi ya thoriamu, iliyowekwa ili cheche iwake kwa urahisi na itulie. Kukishika si hatari kubwa. Hatari iko kwenye jiwe la kunolea, pale vumbi lake linapopuliziwa usoni na kuingia mapafuni. Kijiti chenye alama ya bluu kina lanthanamu, hakina unururifu huo, na kazi kinaifanya vilevile. Fundi, ukienda dukani ulizia cha bluu. Na kama bado una vile vyekundu, vaa barakoa ya vumbi unaponoa, lowesha vumbi kabla ya kulifuta, na usiwaruhusu watoto kukaa karibu na mashine.