Ufundi wa Kufungua

Fundi mmoja wa Keroka, mji ambao nusu yake iko Kisii na nusu Nyamira, ana bisibisi ya nyota aliyoisaga ncha kwa tupa. Mtu asiyejua atadhani imekwisha kazi. Kumbe skrubu za pikipiki za Kijapani za zamani hazikuchongwa sawasawa na bisibisi tunazouziwa madukani. Ya dukani haikai hadi chini ya tundu; ukitia nguvu inaruka na kula kichwa cha skrubu, na kichwa kikishaliwa, umeita drili. Ikipunguzwa ncha kidogo tu, inakaa.

Pikipiki anayotufufulia ni Honda C50 ya baba yangu, aliyekuwa mwalimu. Ukoo wake, Super Cub, ulianza mwaka 1958, na kufikia 2017 Honda ilikuwa imetengeneza zaidi ya milioni 100. Injini ya ukoo huohuo, ya 49cc, ndiyo iliyotiwa mwaka 1961 katika kile kipikipiki cha watoto cha bustani ya burudani ya Tama Tech, Tokyo, kilichozaa Honda Monkey. Wanangu walipoambiwa hivyo, ghafla mali ya babu ikawa yao.

Aliyeibuni aliyajua matope. Cheni imefungiwa ndani ya kasha, na ndiyo maana sproketi zingali na meno ya kutazamika baada ya mvua zote za Gusii, wakati rimu na bomba la moshi vimeliwa na kutu vibaya. Hata kinga ya miguu ni ya plastiki, haiozi.

Nilidhani kufufua pikipiki ni kazi ya kufunga: kutia kipya, kukaza, kupaka rangi. Fundi huyu amenionyesha kwamba ufundi mwingi uko kwenye kufungua. Bolti iliyoshikwa na kutu haianzi kulegezwa. Anaidondoshea dizeli, anaigonga kichwani kwa nyundo ndogo, anaiacha hadi kesho. Akirudi anaikaza kwanza, unywele mmoja tu, ili kutu ikatike. Kisha anailegeza robo mzunguko, anairudisha, anailegeza tena. "Mama, usiilazimishe," anamwambia binti yangu, aliyekuwa amekunja uso juu ya spana. "Sikiliza. Ikilia, rudi nyuma." Binti anarudi nyuma. Bolti inatoka nzima.

Uangalifu huo si mapenzi ya vitu vya kale tu. Maduka ya vipuri ya Kisii mjini yamejaa vitu vya pikipiki za Boxer na vya zile za Kichina zilizonakiliwa kutoka Honda CG125, kwa sababu ndizo zinazobeba abiria. Cha C50 utakitafuta sana. Bolti ukiivunja, utaichonga mwenyewe.

Mwanangu wa kiume amepewa katoni. Kila kifuniko cha injini kikifunguliwa anachora umbo lake juu ya katoni, anatoboa matundu na kuchomeka kila skrubu mahali ilipotoka. Skrubu hizo hazilingani urefu. Ukiweka ndefu penye fupi, unaweza kupasua aluminiamu ukidhani unakaza vizuri.

Kilichonifurahisha kupita vyote ni kutega moto, yaani kupanga cheche ipige lini. Kwenye magineto kuna alama ya herufi F. Alama hiyo ikikutana na alama ya injini, pointi zinapaswa kuanza kuachana, papo hapo. Jicho halitoshi. Fundi anabana kipande cha karatasi ya sigara katikati ya pointi, binti anakishika kwa ncha za vidole akivuta polepole, mimi nazungusha magineto kwa mkono. Karatasi imeshikwa, imeshikwa, kisha inateleza. Tunatazama F: imepita kidogo. Fundi anasogeza bamba la pointi, tunaanza upya. Pengo lenyewe likiwa wazi kabisa ni milimita 0.3 hadi 0.4. Vidole vya mtoto vinaiona tofauti ambayo vyangu, vya jembe na spana, havioni.

Rangi haina mengi. Fremu tuliisugua kwa msasa na maji, kuanzia ule wa kukwaruza hadi ule laini, kama mawe ya sabuni ya Tabaka yanavyosuguliwa kabla ya kutiwa nta. Watoto walitaka nyekundu. Babu yao akasema ilikuwa ya buluu na itabaki ya buluu.

Ikawaka. Moshi, kelele, majirani. Mkubwa wa watoto ana miaka 13, na leseni ya pikipiki ya 50cc haitolewi chini ya miaka 16, kwa hiyo aliyeipanda alikuwa babu, si watoto. Fundi hakupiga makofi. Aliinamisha sikio, akasema tapeti zinalia, ifunguliwe tena. Nafasi ya tapeti ni milimita 0.05, na hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, hivyo watoto wakaambiwa waje asubuhi, kabla mtu yeyote hajapiga kiki.