Kifo cha Amy Robsart: je, dalili zatosha?

Kati ya vitabu vya Walter Scott, mwandishi wa Scotland, kimoja kinaitwa Kenilworth. Kilitoka mwaka 1821, na hata leo watu wengi wanaojua jina la Amy Robsart wamelijua kwa njia ya kitabu hicho. Chasimulia habari za mke kijana aliyefichwa na mume wake, bwana mkubwa anayependwa na Malkia Elizabeth I wa Uingereza. Mwisho mke auawa kwa hila. Adui wanalegeza mbao mbele ya mlango wake, wanaigiza mlio wa mume wake anapofika; anakimbia nje kwa furaha, anaanguka, anakufa. Msomaji afunga kitabu akihuzunika, wala hana swali tena.

Sisi twaona swali lipo. Mke huyo aliishi kweli na alikufa kweli. Mume aliyetuhumiwa naye aliishi kweli, na alikuwa na jina lake mbele ya watu na roho yake mbele ya Mungu. Basi yafaa kuuliza: je, dalili za kifo hicho zatosha kumhukumu mtu? Waseminari watakaosikiliza mashitaka na manung'uniko ya watu maisha yao yote wana faida kujizoeza katika kesi kama hiyo.

Mambo yenyewe

Amy alizaliwa mwaka 1532. Tarehe 4 Juni 1550 aliolewa na Robert Dudley, na mfalme kijana Edward VI mwenyewe alihudhuria arusi. Hapo twaona kosa la kwanza la hadithi: ndoa haikuwa ya siri hata kidogo. Mwaka 1558 Elizabeth alipata ufalme, akamweka Dudley kuwa mkuu wa farasi zake, kazi iliyomtaka akae karibu na Malkia siku zote. Amy alibaki mbali, katika nyumba za wengine. Mwisho alikaa Cumnor Place, karibu na Oxford, katika nyumba iliyokuwa zamani mali ya Wabenedikto wa Abingdon. Watu wakaanza kusema kwamba Malkia anangoja tu mke huyo afe, apate kuolewa na Dudley.

Dominika tarehe 8 Septemba 1560, sikukuu ya Kuzaliwa kwake Bikira Maria, kulikuwa na soko la sikukuu katika mji wa Abingdon. Amy aliwataka watu wote wa nyumba waende huko. Mama mmoja akakataa akisema siku ya Mungu haifai kwa safari hiyo, na Amy akamkasirikia. Siku ile ile Amy alikutwa amekufa chini ya ngazi. Alikuwa na miaka 28. Watu 15 walioapishwa walichunguza neno hilo, na tarehe 1 Agosti 1561 wakatoa hukumu yao: alianguka kwa bahati mbaya.

Scott alisogeza mambo hayo mpaka mwaka 1575, miaka 15 baada ya mazishi. Hatumlaumu kwa hiyo tu, maana mwandishi wa hadithi ana ruhusa ya kubuni. Lawama yetu ni nyingine: amemtoa msomaji katika mashaka, akamtia katika hakika, bila kumpitisha katika ushahidi. Sisi tupitie basi.

Dalili moja moja

1. Faida. Ndiyo dalili inayosemwa kwanza kila mahali: nani alipata faida kwa kifo hiki? Dudley, wanajibu, maana alibaki huru kuoa. Lakini tuangalie yaliyofuata. Kifo hicho ndicho kilichomfungia njia. Balozi wa Uingereza katika Ufaransa, Throckmorton, aliandika kwamba anaona haya kwa maneno yanayosemwa huko. Malkia asingeweza kuolewa na mtu huyo bila kujitia mwenyewe katika tuhuma, wala hakuolewa naye kamwe. Alikufa mwaka 1603 bila mume. Mtu mwenye akili kama Dudley angeweza kuona jambo hilo mbele. Kama Amy alikuwa mgonjwa, kumngoja kulimfaa zaidi kuliko kumwua. Twakubali kwamba tamaa hupofusha macho. Lakini faida yaonyesha tu nani angeweza kutamani; haionyeshi nani alitenda.

2. Mwenendo wa mume. Dudley alikuwa Windsor, pamoja na Malkia, habari ilipofika tarehe 9 Septemba. Hakwenda Cumnor. Alimwandikia Thomas Blount, mtu wake aliyekuwa njiani tayari, akimwagiza watu wa baraza wachaguliwe kati ya wenye busara, wachunguze bila kumwogopa mtu, na ndugu za marehemu wafike wasikie. Tarehe 22 Septemba Amy alizikwa Oxford, katika kanisa la Mtakatifu Maria, kwa heshima kubwa. Mume hakuwapo.

Msomaji wa Kongo atashtuka hapa. Kwetu mume asiyefika katika kilio cha mke wake amejishitaki mwenyewe. Lakini desturi ya wakubwa wa Uingereza wakati ule ilikuwa nyingine: mfiwa mkuu wa mwanamke alikuwa mwanamke, na wa mwanamume alikuwa mwanamume. Kumbe dalili iliyo nzito katika kijiji chetu haina uzito huo kule. Hili ni fundisho la kushika sana: dalili husemwa kwa lugha ya desturi, na asiyejua desturi huisikia vibaya.

Lakini katika barua hizo hizo kuna neno moja la kumlemea Dudley. Yeye mwenyewe asema amepata barua ya Smith, ambaye anaonekana kuwa mkubwa wa wale 15. Mtu anayetuhumiwa hapaswi kuandikiana na wanaomchunguza. Neno hilo halithibitishi hongo, bali laipunguzia hukumu yao nguvu.

3. Barua ya Askofu. Shahidi mkubwa wa washitaki ni Álvaro de la Quadra, Askofu wa Aquila, balozi wa mfalme Filipo II wa Hispania. Katika barua ya tarehe 11 Septemba 1560, kwa Margaret wa Parma aliyetawala Nchi za Chini kutoka Brussels, asimulia kwamba Cecil, mwandishi mkuu wa Malkia, alimwambia kuna shauri la kumwua mke wa Dudley. Wanaeneza habari kwamba ni mgonjwa, naye ni mzima. Tena asema Malkia alimwambia kwamba mke huyo amekwisha kufa au yu karibu kufa. Mwisho wa barua aongeza kwamba sasa kifo kimetangazwa.

Neno la Askofu! Lakini ushuhuda hupimwa kwa jambo lenyewe, si kwa kofia ya shahidi. Kwanza, Askofu hakuona kitu, asema aliyoyasikia. Pili, aliyemwambia ni Cecil, na siku zile Cecil alikuwa na ugomvi na Dudley, akiogopa kunyang'anywa cheo chake. Tatu, barua iliandikwa siku tatu baada ya kifo na siku mbili baada ya habari kufika Windsor, wala haionyeshi wazi Cecil alisema siku gani. Kama alisema kabla ya kifo, ni neno la kutisha. Kama alisema baadaye, ni uvumi wa siku ile tu. Uzito wote wa shahidi huyo waning'inia katika tarehe asiyoiandika.

4. Maiti. Mwaka 2008 taarifa ya wale 15 ilipatikana katika nyumba ya kuhifadhia hati za serikali ya Uingereza. Yasema Amy alivunjika shingo, tena alikuwa na majeraha mawili kichwani: moja la kina cha robo ya kidole gumba, la pili la vidole gumba viwili, yaani karibu sentimita 5. Wapenzi wa hadithi walifurahi: tazama, alipigwa! Lakini ncha ya ngazi ya mawe yaweza kutoboa kama chuma. Dalili hiyo ina vinywa viwili, kila mmoja aisikia kama alivyotaka. Tena mwaka 1956 mganga Ian Aird aliandika kwamba kansere ya titi huweza kudhoofisha mifupa hata shingo ivunjike kwa anguko dogo. Na kweli mwaka 1559 balozi wa Hispania alikuwa amesema kwamba Amy anaugua titi. Neno hilo lawezekana, halijathibitishwa.

5. Hali ya Amy. Mtumishi wake wa kike alimwambia Blount kwamba amemsikia mara nyingi akimwomba Mungu amwokoe na kukata tamaa. Blount alipouliza kama labda alijiua, mtumishi alikana na kujuta kwamba amesema mengi. Upande mwingine, tarehe 24 Agosti, majuma mawili tu kabla ya kufa, Amy alimwandikia mshonaji wake wa London amtengenezee gauni. Anayeagiza nguo anatazamia kuivaa. Lakini huzuni haifuati hesabu, nasi hatuthubutu kuhukumu moyo huo.

6. Ndugu yake. John Appleyard, kaka yake kwa mama, alisema mwaka 1567 kwamba amefunika uuaji wa dada yake kwa ajili ya Dudley. Alipotiwa gerezani na kusomewa taarifa ya baraza, alisema ameridhika. Maneno ya kwanza yalitoka katika hasira, ya pili katika gereza. Hatuwezi kujengea juu ya moja wala juu ya jingine.

Kitabu kilichotoka kwetu

Scott alipata wapi hakika yake? Chanzo chake cha mbali ni kitabu kilichochapishwa ng'ambo mwaka 1584 na Wakatoliki Wangereza waliofukuzwa, kinachoitwa Leicester's Commonwealth. Humo Dudley ashitakiwa kumwua Amy na wengine wengi, na imeandikwa kwamba alianguka ngazi bila kofia yake kuharibika kichwani. Waandishi hao walikuwa wameteswa kweli, na Dudley alikuwa adui yao kweli. Lakini miaka 24 ilikuwa imepita, na kofia isiyoharibika hailingani na jeraha la sentimita 5. Uvumi ukawa kitabu, kitabu kikawa hadithi, hadithi ikawa historia. Amri ya nane haisemi kwamba ni ruhusa kumshuhudia uwongo adui wa Eklezya.

Jumla yake

Mtu atasema: dalili moja haitoshi, lakini sita pamoja? Swali ni la haki. Baba Mtakatifu Pius XII, akisema na majuji wa Rota tarehe 1 Oktoba 1942, alifundisha kwamba hakika ya kimorali ndiyo inayoondoa kila shaka yenye msingi, na kwamba yaweza kutoka katika dalili nyingi ambazo moja moja hazitoshi. Lakini lazima kila dalili isimame kwa mguu wake, tena zote zielekee upande mmoja. Hapa nusu zatoka katika kinywa kimoja cha uvumi, na nyingine zaelekea pande tatu: ajali, kujiua, kuuawa. Shaka yenye msingi yabaki. Basi Dudley hawezi kuhukumiwa; wala hatusemi kwamba ametakaswa.

Neno hili latuhusu. Kanoni 1090 yasema kwamba anayemwua mke wake ili apate kumwoa mwingine, ndoa hiyo ni batili. Siku moja mwanamume aliyefiwa na mke kijana atakuja kwa padri kuomba ndoa ya pili, na kijiji kizima kitanong'ona. Padri asifunge masikio, maana damu ya mke yalia. Wala asiseme upesi, maana jina la mtu likivunjika halishonwi. Aulize: nani aliona? Aliona nini? Lini? Nani alimwambia? Desturi yasemaje? Na neno la mganga wa kienyeji aliyetaja jina la mwuaji si dalili hata moja.

Kitabu cha Scott chasomwa kwa furaha, nasi hatukatazi. Lakini Amy wake ni mtu wa kulia na kuanguka tu. Amy wa kweli ameacha barua mbili. Moja ni ile ya gauni. Katika nyingine aagiza manyoya ya kondoo yauzwe, hata kwa hasara, ili maskini wanaodai walipwe. Ndiye tunayepaswa kumtendea haki. Haki yake ya kwanza ni kwamba kifo chake kisifanywe silaha mikononi mwa watu wasiomjua.