Kugawa Charger kwa 25

Dodge Charger ya 1970 ina urefu wa takriban milimita 5,283. Gawa kwa 25 unapata 211, yaani gari linalokaa juu ya kiganja na kuacha pua ikining'inia nje. Mgawanyo huo huuzwa tayari ndani ya boksi. Viwanda vya modeli za plastiki kama AMT na Revell vimeshafanya hesabu ya urefu, upana na umbo la kila kipande. Kinachobaki kwa fundi wa nyumbani ni kugawa kile ambacho kalibu ya kiwanda haiwezi kukigawa: unene.

Wengi wanalijua gari hili kupitia filamu ya mwaka 2001, The Fast and the Furious, ambamo Vin Diesel anaendesha Charger nyeusi ya 1970 yenye supachaja iliyotokeza juu ya boneti. Hapa tunaichambua ile ya kiwandani, toleo la R/T lenye injini ya Hemi, katika rangi hiyo hiyo nyeusi. Nimeichagua kwa sababu ni mtihani mgumu. Ina mistari mirefu ya bodi, kromu inayozunguka grili nzima, injini isiyoficha waya zake, na rangi isiyosamehe kosa.

Tuanze na bodi. Plastiki ya moto husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu, na ili ifike kila pembe ukuta wake huhitaji unene wa karibu milimita 1. Rudisha kwenye gari halisi: milimita 1 mara 25 ni 25. Bati la gari lenyewe halizidi sana milimita 1. Jicho haliwezi kutaja tofauti hiyo kwa tarakimu, lakini huiona mara moja kwenye matao ya magurudumu, kwenye ukingo wa boneti iliyofunguliwa na kwenye vioo. Dawa yake ni kukwangua kwa wembe kutoka upande wa ndani hadi ukingo unaoonekana ubaki mwembamba, huku umbo la nje likiachwa lilivyo. Nyuma ya ukingo plastiki inaweza kubaki nene, kwa kuwa hakuna atakayeiona.

Vioo hufuata hesabu hiyo hiyo. Kioo cha plastiki cha milimita 1 ni sawa na kioo cha milimita 25 kwenye gari halisi, kama kile kinachomkinga keshia wa benki. Vya pembeni hukatwa upya kutoka karatasi angavu ya robo milimita. Cha mbele kimepinda, na si rahisi kukikunja nyumbani bila kukiharibu, hivyo hubakishwa na kingo zake hupakwa nyeusi. Unene unajificha ndani ya rangi inayofanana na mpira wa kioo.

Kwenye rangi ndipo modeli nyingi hufa. Tabaka zote za rangi ya gari halisi, kuanzia praima, zina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Modeli iliyopakwa praima, rangi na vanishi hufika huko huko bila shida, maana rangi haijui kwamba gari limepungua. Sasa tazama mwanya wa mlango. Kwenye gari la miaka ile ulikuwa kama milimita 5, ambazo zikigawanywa zinakuwa 0.2. Rangi ya 0.1 ikijenga upande huu wa mwanya na 0.1 upande wa pili, mwanya umekwisha na mlango umegeuka mchoro.

Kwa hiyo kazi ya rangi huanza kabla ya kufungua kopo. Mistari ya milango, boneti na buti huchimbwa kwa mgongo wa wembe, mpito mwepesi baada ya mwepesi, hadi iwe na kina cha kustahimili rangi itakayoingia. Kisha praima, ambayo pia huikinga plastiki isiliwe na tina kali. Kisha rangi yenyewe, iliyolainishwa vizuri na kupulizwa kwa kibunduki kidogo katika matabaka membamba. Atakayetaka kung'arisha kwa mpuliziko mmoja mzito ataupata mng'ao, na atapoteza milango.

Gari likiwa jekundu au la njano, fundi anaweza kudanganya kidogo kwa kutiririsha rangi nyeusi nyepesi ndani ya mianya ili ionekane na kivuli. Kwenye gari jeusi ujanja huo haufanyi kazi. Kina lazima kiwe kina. Nyeusi pia hutangaza kila punje ya vumbi, hivyo vanishi husuguliwa kwa maji na vitambaa vya msasa laini sana, kuanzia namba 3200 hadi 12000, halafu hung'arishwa kwa polishi. Hatari iko kwenye mikunjo ya ubavu wa Charger. Rangi huwa nyembamba zaidi juu ya mkunjo, na misuguo michache hufika kwenye praima. Husuguliwa kandokando ya mkunjo, kamwe si juu yake.

Kromu ina mantiki yake. Rangi ya fedha huonekana kijivu kwa sababu chembe zake zinaonekana, na kwenye kipimo hiki kila chembe imekuzwa mara 25. Foili ya alumini yenye gundi haina chembe. Kwa urembo unaozunguka madirisha, ambao hapa ni mstari wa karibu nusu milimita, foili hulazwa baada ya rangi kung'arishwa, hukandamizwa kwa kijiti cha meno, kisha hukatwa kwa wembe mpya. Kwa majina na nembo zilizochomoza kwenye bodi, mpangilio hugeuzwa. Foili hulazwa juu ya praima, bodi nzima hupakwa rangi, kisha kitambaa kilichokunjwa kikabana na kulowekwa tina kidogo hupitishwa juu ya herufi. Rangi hutoka kwenye vichwa vya herufi tu, na jina hujitokeza kwa makali ambayo hakuna brashi inayoweza kuyachora.

Chini ya boneti kuna Hemi ya inchi za ujazo 426, yaani lita 7, ambayo Chrysler waliitangaza kwa nguvu farasi 425 na kuiuza kwenye magari ya barabarani kuanzia 1966 hadi 1971. Bloku yake ni ya rangi ya chungwa na vifuniko vya vali ni vyeusi visivyong'aa. Plagi huingia katikati ya vifuniko hivyo, kwa hiyo waya zote nane hulala mbele ya macho ya mtazamaji. Waya wa plagi wa wakati ule ulikuwa wa milimita 7. Kwenye modeli unatakiwa uwe 0.28. Waya wa nusu milimita, ambao wengi huuchukua kwa kuwa ni rahisi kuushika, ni mnene karibu mara mbili ya unavyotakiwa.

Mpangilio nao una ukweli wake. Silinda 1, 3, 5 na 7 ziko kushoto, upande wa dereva wa Kimarekani, na 2, 4, 6 na 8 ziko kulia, zote zikihesabiwa kutoka mbele. Distributa ya Hemi iko mbele, na waya hutoka kwenye kofia yake kinyume cha mwendo wa saa kwa mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2. Wa tisa, wa katikati, huenda kwenye koili. Anayeufuata mpangilio huu hupata faida ya macho pia. Waya hupishana pale zinapotakiwa kupishana, na injini haionekani kama imefungwa kwa kubahatisha.

Mwenye jioni chache tu akwangue matao ya magurudumu, achimbe mistari ya milango na anunue waya mwembamba. Kazi hizo zinahitaji wembe, subira na fedha kidogo. Seti za vipande vya chuma vilivyochongwa kwa asidi, zinazouzwa kwa bei ya kuumiza, zinaweza kusubiri, kwa sababu nembo ya chuma iliyobandikwa kwenye bodi yenye milango iliyozibwa na rangi hailiokoi gari.