Swali Lisilongoja Jibu

Mchezo wa katuni "Go, Diego, Go!" ulitungwa Marekani kwa watoto wasiofikia umri wa kwenda shule. Kituo cha Nickelodeon kilianza kuuonyesha mwezi wa Septemba 2005, ukaendelea hata 2011. Watungaji wake ni Chris Gifford na Valerie Walsh, waliokwisha kumtunga Dora, binamu yake Diego. Mvulana huyu wa miaka minane hufanya kazi katika kituo cha kuokoa wanyama penye msitu wa mvua, na aghalabu hadithi ina mnyama aliyepotea au kukwama.

Sifa yake haina budi kutajwa kwanza. Kamera iitwayo Click humtafuta mnyama kwa mlio wake, ndipo mtoto aelezwapo anakula nini, anatembeaje, anaishi wapi. Elimu hii hutolewa kidogo kidogo, kama mzazi amlishavyo mwanawe tonge.

Kasoro iko katika swali. Diego humgeukia mtazamaji, huuliza, hunyamaza kitambo, kisha husifu. Akijibiwa husifu; asipojibiwa husifu; hata mtoto akimwita mamba mjusi, husifu vile vile. Desturi hii si yake peke yake, kwani "Blue's Clues" ilikuwa nayo tangu 1996, wala haikosi faida: mtoto mwenye haya hupata ujasiri wa kutamka. Walakini msimulizi wa pwani asemapo "Paukwa" hungoja "Pakawa". Asiposikia kitu, hujua kuwa wasikilizaji wamelala, naye hukoma. Ukimya wa msimulizi huyo una maana. Ule wa katuni ni nafasi iliyopimwa tu.

Atakayeugeuza mchezo huu kwa Kiswahili atapata faraja moja na taabu moja. Kiingereza hulazimika kuchagua kama mnyama atajwe kwa kiwakilishi cha kitu au cha mtu. Kiswahili hakina shida hiyo, kwani mtoto amepotea na mbwa amepotea (ukiacha milki, kama "mbuzi zangu", ambayo ina mashaka yake). Taabu ni majina. Yule jagwa mdogo aandamanaye na Diego si chui, ingawa madoa yao yafanana; kumwita chui ni kumfundisha mtoto uongo katika mchezo ambao fahari yake ni ukweli.

Lililo zito zaidi ni asili ya balaa. Ni nani amhatarishaye mnyama? Aghalabu ni dhoruba, au mto, au ndugu wawili waitwao Bobo, kima watundu ambao watoto huwapigia kelele wasimame, nao huomba radhi. Shoka halionekani, wala moto. Ilhali misitu ya Amazon hupotea zaidi kwa kufyekwa na kuchomwa ili kupata malisho ya ng'ombe. Kwamba mtoto wa miaka minne asitishwe, hilo lakubalika; kumtwika kima lawama ya binadamu ni jambo jingine. Ingetosha kuonyesha kisiki kimoja, Diego akauliza ni nani aliyeukata mti ule, kisha akanyamaza.