Melba Liston: Tromboni na Kalamu

Ni desturi kumpima mchezaji wa jazi kwa sauti ya chombo chake mwenyewe: asimamapo mbele ya wenzake akapiga peke yake, hapo ndipo sifa zake hutajwa. Kipimo hiki kina haki yake, walakini kwa Melba Liston hakitoshi. Mmarekani huyu, aliyezaliwa Kansas City mwaka 1926 na kufariki Los Angeles mwaka 1999, aliongoza santuri moja tu kwa jina lake, iliyorekodiwa mwaka 1958. Atakayemhukumu kwa santuri hiyo pekee atakuta mpiga tromboni hodari, kisha atapita.

Kazi yake kubwa imo katika muziki wa wengine. Katika bendi ya Gerald Wilson, na baadaye ya Dizzy Gillespie, alipiga tromboni na pia aliandika, akiamua kipi kipigwe, kwa chombo gani na wakati gani. Safari ya mwaka 1949 pamoja na Billie Holiday katika majimbo ya kusini ilimvunja moyo, hata akaacha bendi kwa miaka kadhaa na kufanya kazi ya ofisini. Mwaka 1956 Gillespie alimrudisha.

Ushahidi ulio bora ni Uhuru Afrika, utungo wa mpiga piano Randy Weston uliorekodiwa New York mwaka 1960. Mlango wake ni Kiswahili: Mtanganyika Tuntemeke Sanga husoma maneno ya Langston Hughes. Kisha huja okestra kubwa yenye ngoma nyingi na vyombo vya kupulizwa, wala hakuna kinachomeza kingine. Ulinganifu huo ni kazi ya Liston. Tromboni tatu zimo, na hata moja si yake.

Yaweza kusemwa kwamba kalamu iliinyima tromboni nafasi. Hoja hiyo ni ya kweli, na hasara hiyo haina fidia. Lakini kiharusi cha mwaka 1985 kilipomnyang'anya uwezo wa kupiga, hakikumnyang'anya fikira: mwaka 1991 alimpangia Weston muziki wa The Spirits of Our Ancestors. Basi mhakiki anayesikiliza apigaye peke yake tu, asimtafute aliyewapangia wote, amesikia nusu ya jazi, na amemdhulumu Liston nusu iliyo kubwa zaidi ya maisha yake.