Tiba kwa Barua: Namna Matabibu wa Karne ya 18 Walivyotibu Wagonjwa Wasiowaona

Katika Ulaya ya karne ya 18, mgonjwa mwenye uwezo aliyeishi mbali na miji mikubwa aliweza kutibiwa na tabibu mashuhuri bila wawili hao kuonana hata siku moja, kwa kuwa maelezo ya ugonjwa, uamuzi wa tabibu na maagizo ya dawa vyote vilisafiri kwa posta. William Cullen (1710–1790), profesa wa tiba huko Edinburgh, Uskochi, na Samuel-Auguste Tissot (1728–1797) wa Lausanne, Uswisi, waliandikiana na wagonjwa wa ndani na nje ya nchi zao, na kwa sababu sehemu kubwa ya barua hizo imehifadhiwa, utaratibu wa kazi yao unaweza kuchunguzwa hatua kwa hatua. Uchunguzi huo unadhihirisha kwamba tiba ya barua ilikuwa na kanuni zake, na kwamba nguvu yake ilitegemea mambo matatu: kuuliza vizuri, kuagiza kwa masharti na kutunza kumbukumbu.

Jambo lililoiwezesha tiba hiyo tangu mwanzo ni namna ugonjwa wenyewe ulivyoeleweka. Tabibu wa wakati huo hakuupima mwili kwa vyombo. Alishika mshipa wa mkono, akatazama ulimi na mkojo, kisha akategemea zaidi simulizi ya mgonjwa. Mafundisho yaliyorithiwa tangu kale yalihusisha afya na mambo sita, yaani hewa, chakula na vinywaji, usingizi na kukesha, mwendo na mapumziko, vitu vinavyotoka na vinavyobaki mwilini, pamoja na hisia za moyo kama vile hofu na huzuni. Hakuna aliyeyajua mambo hayo kuliko mgonjwa mwenyewe, na yote yaliweza kuelezwa kwa maandishi.

Barua iliandikwa na mgonjwa, au na jamaa yake, au na mpasuaji au muuza dawa wa mahali alipoishi, ambaye aliongeza yale aliyoyaona kwa macho yake. Hatari ilikuwa kwamba mwandishi angeweza kueleza mengi yasiyo na maana na kuliacha lile la msingi. Tissot alikabiliana na hatari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1761 kilichowashauri watu wa kawaida kuhusu afya, ambamo aliweka orodha ya maswali ambayo kila anayetaka ushauri wa tabibu alipaswa kuweza kuyajibu: umri wa mgonjwa, afya yake ya awali, ugonjwa ulianza lini na kwa namna gani, kama ana homa, maumivu yako wapi, analalaje, anapumuaje, choo na mkojo wake vikoje, na dawa zipi ameshatumia na zilimfanyia nini. Kulikuwa pia na maswali ya pekee kwa wanawake na watoto. Kwa orodha hiyo, mtu asiye na elimu ya tiba aliongozwa kutazama mwili kwa mpangilio ambao tabibu mwenyewe angeufuata.

Majibu kwa kawaida yalikuwa na maoni kuhusu asili ya ugonjwa, mwongozo wa maisha ya kila siku, na maagizo ya dawa, ambayo mara nyingi yaliandikwa kwa Kilatini ili muuza dawa ayatengeneze. Kwa kuwa hali ya mgonjwa iliweza kubadilika barua ikiwa bado njiani, ilimfaa tabibu kuandika kwa masharti: mgonjwa aanze na dawa fulani, ikimletea nafuu aendelee, ikimdhuru aiache na kushika nyingine. Ndiyo maana njia hii ilifaa magonjwa ya kudumu, kama vile jongo, kuliko homa kali ambayo ingeweza kuua kabla majibu hayajafika.

Cullen aliweka nakala za majibu yake, na kuanzia mwaka 1781 alitumia mashine ya kunakili iliyobuniwa na James Watt, ambayo hataza yake ilitolewa mwaka 1780. Barua iliandikwa kwa wino maalumu, ikafunikwa kwa karatasi nyembamba iliyoloweshwa, kisha zote mbili zikagandamizwa pamoja. Wino ulipenya karatasi ile, na maandishi yakasomeka upande wa pili. Kwa nakala hizo tabibu aliweza kujua alichokwisha kuagiza hata kama mgonjwa alimwandikia tena baada ya miaka.

Mipaka ya njia hii isifichwe. Mwaka 1784 James Boswell alimwandikia Cullen kwa niaba ya Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi aliyesumbuliwa na pumzi na mwili kujaa maji, akapata ushauri. Hata hivyo Johnson alifariki Desemba mwaka huohuo, kwani dawa za zama zile zilikuwa na uwezo mdogo, ziagizwe kwa barua au kando ya kitanda. Baada ya René Laennec kubuni chombo cha kusikilizia kifua mwaka 1816, matabibu walizidi kutafuta ugonjwa ndani ya mwili wenyewe, na barua ikapoteza nafasi yake. Dawa za Cullen na Tissot zilipitwa na wakati, lakini nidhamu yao haikupitwa: daktari wa leo anayemhudumia mgonjwa kwa simu naye hana budi kuuliza kwa mpangilio, kueleza la kufanya hali ikibadilika, na kuandika kila alichoagiza.